Sweta la Kijani Juu ya Sari

Haya sikuyasikia kwa jirani wala kwa rafiki wa rafiki. Yalinitokea mimi mwenyewe, mjini Arusha, nikiwa na akili timamu na sindano mkononi. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize.

Mimi ni fundi cherehani wa kuhamahama. Nimeshona Mwanza, nimeshona Tunduma, nimevuka hadi Lusaka. Kila nilikokaa niliikumbuka Arusha, na nikifika Arusha naanza kukumbuka barabara. Safari hiyo nilikuwa nimerudi Tengeru, nje kidogo ya mji, kumwona mama, begi bado halijafunguliwa, nikasikia kuna Wahindi wamekuja kupiga filamu na wanatafuta mafundi. Niliacha chai mezani.

Lazima ujue kwamba mama yangu alitulea na filamu za Kihindi. Zamani tukitoka kuangalia sinema mjini, alijifunga kanga mbili kama sari, akawa anatembea sebuleni akilia machozi ya kuigiza, nasi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Sasa macho yake yanafifia. Nilitaka kitu kimoja tu: aone kazi ya mikono yangu kwenye filamu kabla hayajazima.

Walikuwa wamepanga nyumba ya zamani katikati ya mji, duka mbele, vyumba nyuma. Mbunifu wao wa mavazi alikuwa dada kutoka Mumbai, anaitwa Kavita. Sisi tulimwita Madam. Niamini, yule aliijua kazi. Kabla ya kuuliza vipimo vya mwigizaji aliuliza mhusika anaamka saa ngapi, nani anamfulia, mikono akiilowesha anaifutia wapi. Nguo mpya tuliziloweka kwenye chai ya rangi, tukazisugua kwa jiwe, tukazianika, mpaka zikawa na umri.

Nilipewa kumvalisha mhusika mmoja, mama mjane mwenye duka, aliyeishi Arusha tangu aolewe. Mchoro uliotoka kwao ulionyesha sari nyembamba na blauzi ya mikono mifupi, maana kwao Afrika yote ni jua kali. Nikashona hivyo hivyo. Mwigizaji akavaa, Madam akatikisa kichwa. Nikarekebisha, akatikisa tena.

"Nguo ni nzuri," aliniambia kwa Kiingereza ambacho sekondari yangu ilikimudu, "lakini ndani hamna mtu."

Angeitazama mara ya mwisho asubuhi. Ikishindikana, nguo za mama huyo zingeagizwa Mumbai, na mimi ningerudi Tengeru bila cha kumwonyesha mama. Mama Neema, fundi mwenzangu, Mchaga asiyejua kunyamaza, akanionyesha sanamu la kuvalishia nguo, akanipa ushauri akielekea mlangoni: "Baba, lioe hilo sanamu. Labda usiku litakwambia linataka nini."

Akaondoka, nikabaki peke yangu. Unaijua Arusha ya mwezi wa saba? Mlima Meru hauonekani, mawingu yamekalia mabati, na giza linaingia mapema. Umeme nao ukakatika. Nikawasha tochi ya simu, nikaendelea kusugua pindo. Ndipo nikasikia funguo zinagongana upande wa dukani.

Aliingia mama mzee wa Kihindi, mfupi, sari ya rangi ya majivu, na juu yake sweta la kiume la kijani lililovutika hadi mapajani. Nikajua ni wa familia ya mwenye nyumba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha mtu aliyeuza dukani maisha yake yote. Akauliza namshonea nani. Nikamweleza.

Aliishika sari yangu kwa vidole viwili, kama anayekagua unga.

"Huyu atakufa kwa baridi," alisema. "Mimi nilivaa sweta la mume wangu. Yeye ameondoka, sweta limebaki."

Akanionyesha kiwiko kilichoshonwashonwa kwa uzi mwekundu. Akageuza pindo la sari: kwa ndani alikuwa ameshonea ukanda wa kanga kuukuu, ili matope yaichafue kanga, yaiache sari. Pale kiunoni, funguo za duka ziliponing'inia, kitambaa kilikuwa kimelika. Ncha ya begani ilichakaa kwa kufutia unga.

"Na hii bangili," akaanza, akiinua mkono.

Mimi nikainua macho kwenye kioo kikubwa cha kujaribishia nguo. Ndani ya kioo nilikuwemo mimi, simu yangu, na sanamu. Basi. Naye alikuwa ubavuni pangu, ananukia bizari.

Ungefanya nini? Nikajikuta nasema, "Mama, nikuletee kiti?"

Alitabasamu. "Nimekaa sana humu. Wewe shona."

Funguo zikagongana kuelekea dukani, zikanyamaza.

Nilishona. Alfajiri nikakimbilia mitumba nikapata sweta la kijani. Mama Neema alikuta nimekata ukanda kwenye kanga yake, akaanza kunitukana kwa Kichaga, kisha akaiona sari, akanyamaza. Sikuwa nimewahi kumwona akinyamaza.

Mwigizaji alivaa. Akajikunyata ndani ya sweta, mabega yakashuka, akapiga hatua, funguo zikagongana. Madam aliziba mdomo kwa mkono. Mlangoni alikuwa amesimama mwenye nyumba, mzee wa mvi, alikuja tu kuuliza habari za maji. Akashika fremu ya mlango.

"Nani amewaambia habari ya ule uzi mwekundu?" aliuliza taratibu. "Marehemu bibi yangu alikuwa kwenye eda ya babu. Hakuruhusiwa kutoka kununua wa kijani."

Baadaye nilimweleza mzee huyo faraghani yaliyonitokea usiku. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, wakati mwenye deni la shukrani ni mimi.

Filamu ilipotoka nilimwekea mama simu karibu na uso. Alitazama, kisha akajivutia kanga mabegani. "Huyu mama anasikia baridi kweli," akasema.

Begi langu sasa linahifadhi vitambaa, chumbani kwangu Sombetini, hapa hapa Arusha. Kila mwezi wa saba, umeme ukikatika, harufu ya bizari hunipitia, nami namwamkia nikiwa nimeinamia cherehani. Namshukuru mpaka kesho.

Nawe ukipewa kumvalisha mtu aliyeondoka duniani, usikisie. Akija mzee kukuuliza unamshonea nani, mwamkie, mwambie ukweli, na usitazame kioo mpaka amalize kusema. Mimi nilitazama. Katika filamu ile mkono wa yule mama hauna kitu, kwa sababu habari ya bangili sikuisikia.