Nduru ya Sekunde Kumi

Wezi walimwibia Kasiva siku ile ile aliyokuwa akimzika mume wake, tena mchana, tena boma likiwa limejaa watu mpaka wengine wamekalia mawe. Kaburi la Muli lilichimbwa mwisho wa shamba, karibu na mstari wa makonge. Mwenye spika alikuwa amekuja kuonyesha uwezo wake, na mahubiri yalisikika hadi sokoni Kathonzweni. Wakati wa kuweka maua, vijana wawili waliovaa suti waliingia sebuleni wakabeba televisheni, redio na mtungi wa gesi. Walipita katikati ya foleni ya chakula na watu wakawapisha. Mzee mmoja wa kamati ya mazishi aliwashikia geti, akawaonya wasiiangushe hiyo TV. Inasemekana mmoja wao alirudi akapakuliwa wali.

Kasiva alipoambiwa, alisema, "Sawa," kisha akauliza kama wageni waliotoka mbali wamekula.

Hakulia. Hospitalini hakulia, kaburini hakulia, na ilipofika zamu ya televisheni hakulia pia. Akina mama wa kanisa walikaa karibu naye na leso mkononi, kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Yalikataa kuchemka. Wengine wakasema ana imani kubwa, wengine wakasema huyo mama ni jiwe. Yeye mwenyewe alijiona kama mguu uliokaliwa vibaya: unajua upo kwa sababu unauona, lakini ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Maombolezo yalipokwisha alirudi kwenye cherehani yake barazani, akaendelea kushona kaptula za shule. Watoto wanachana kaptula hata kama umefiwa.

Kitu kimoja tu ndani yake kilikuwa bado kinasikia, nacho kilikuwa kukataa kuhama.

Wavinya, mtoto wake wa pekee, anauza misumari na mabati katika hardware moja kule mjini Wote. Alikuwa na chumba cha ziada chenye vigae chini na maji ya mfereji, na kila akipiga simu alikuwa anakisifu kama dalali.

"Mwaitu, funga tu nyumba uje," alimwambia mama yake.

"Na mbuzi?"

"Uza."

"Na kuku?"

"Kuku tutakula."

"Na baba yako?"

Wavinya akasema, kwa sauti ya mtu anayemalizana na mteja msumbufu, "Basi nunua alamu. Ufunge, tuijaribu. Ikilia na watu waje, unakaa huko mpaka uzeeke. Ikilia na mtu asije, ninakuja na pickup ya kazini, na sitaki maneno. Siwezi kulala nikijua mama yangu analindwa na watu wanaowashikia wezi geti."

"Sawa," alisema Kasiva.

Akapanda gari hadi Emali, kwenye duka la Waithaka, mtu wa Nyeri aliyekaa Mombasa Road miaka mingi kiasi kwamba anapatana bei kwa Kikamba na kuomba Mungu kwa Kikikuyu.

"Karibu mathe! Unatafuta burudani ama ulinzi?"

"Kitu cha kupigia wezi kelele."

Waithaka akapanga maboksi matatu juu ya kaunta. Akaanza na la kwanza, lililong'aa kuliko yote. "Hii ndiyo baba yao. Mwizi akiingia, unamwona kwa simu hata ukiwa ng'ambo. Wi-Fi uko nayo?"

"Niko na jirani."

Waithaka akalirudisha boksi polepole. "Hii ya pili ni ya kuchomeka kwa ukuta. Kelele yake ni ya kuua panya."

"Stima ikipotea?"

"Hapo sasa inalala."

"Hata mimi stima ikipotea ninalala. Sitafuti mwenzangu."

Waithaka akacheka mpaka akashika meza. Kasiva hakucheka, alikuwa anauliza tu. Wakabaki na la tatu, kisanduku cheupe chenye betri yake na nafasi ya laini ya simu. Ndani mlikuwa na vidude viwili vya mlangoni, kingine chenye jicho la kuona mtu akitembea, king'ora, na rimoti ndogo kama ya gari.

"Hakuna waya, hakuna fundi," Waithaka akamweleza. "Unabandika mwenyewe. Mwizi akifungua mlango, king'ora kinalia na kisanduku kinapigia watu wako sita. Wakishika simu wanasikia sauti yako, ile utarekodi hapa. Sekunde kumi. Kama unaweza kuingiza uzi kwa sindano, hii utafunga."

"Mimi ni fundi wa cherehani."

"Basi utafunga ukisinzia."

Hakusinzia, lakini alisumbuka. Kidude cha mlango ni vipande viwili. Kimoja kinakaa kwenye mlango, kingine kwenye fremu, na vikiachana kisanduku kinajua mlango umefunguka. Mlango wa Kasiva ni wa chuma, na kile chenye sumaku kilipoona chuma kikasahau kazi. Mlango ukifungwa, kisanduku kinasema uko wazi. Alitazama jambo hilo kwa muda, akaenda barazani, akakata vipande vya rula yake ya mbao, akavibandika kati ya chuma na vile vidude. Kisanduku kikatulia. Lile jicho nalo alilibandika likitazama dirishani, akiwaza kwamba mwizi hupenda dirisha.

Saa sita mchana, mabati yalipoanza kuwaka na joto likaingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi, jicho likaona joto hilo ni mwizi. King'ora kikalia. Kuku wakaruka ukuta. Kasiva akatoka nje, akasimama getini, akasubiri watu.

Hakuja mtu.

Alizima, akavuka njia hadi kwa Kyule, jirani yake anayechoma matofali.

"Hukusikia kelele kwangu?"

"Nilisikia, Mama Wavinya. Nikajua ni ambulensi."

Kalondu, jirani wa upande wa pili, anayeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, alikutwa akiwa amevaa gauni la Jumapili. "Mimi nilijua ni mheshimiwa amekuja," alisema. "Nikaona nivae kabla hajaanza kugawa."

Kasiva akahamisha jicho, akaliweka kwenye kona yenye kivuli likitazama korido, mbali na dirisha na mbali na kuku. Kuhusu king'ora hakukuwa na la kufanya. Ving'ora huku ni vya wakubwa na wagonjwa. Ukikisikia unakipisha njia, hukikimbilii. Ikabaki simu.

Akakaa kitandani aingize namba. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya Muli, na kidole kilikwisha kuibonyeza yote kabla hajakumbuka. Akaitazama. Akaifuta moja moja kutoka nyuma. Kisha akaweka ya Wavinya, ya Kyule, ya Kalondu, ya mchungaji, ya mzee wa kijiji na ya Nzuki mwenye posho mill ya kusaga unga. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasema: "Huyu ni Kasiva. Mwizi ameingia kwangu. Tafadhali mje. Asante."

Alimwambia Wavinya kuwa leo wanajaribu, lakini wale wengine hawakuambiwa, maana jaribio la kuambiwa si jaribio. Akafungua mlango. Kisanduku kikaanza kupiga simu.

Hakuja mtu tena. Kyule alisikia maneno mawili akakata, akidhani ni wale wa kampuni ya simu wanaouza nyimbo. Nzuki alisema hana haja ya mkopo. Mchungaji, mtu mwenye subira, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akabonyeza moja ili aendelee kwa Kiswahili.

Wavinya alipiga simu mara moja. "Mwaitu, ni nini hiyo? Mwizi ako kwa nyumba, na wewe unaongea kama mtu anasoma matangazo ya mazishi!"

"Nimesema tafadhali."

"Hiyo tafadhali ndiyo imeharibu. Jumamosi ninakuja na pickup."

Kalondu, aliyekuwa akikanda unga simu ikilia, alipopata habari alikuja mbio na mikono yenye unga. "Mama Wavinya, mambo ya hotuba hayaleti mtu. Watu wa huku wanakuja kwa nduru. Piga nduru!"

"Haitoki."

"Jaribu."

Kasiva akajaribu. Ikatoka sauti kama ya mtu anayemwita mbuzi ambaye hamhitaji sana. Kalondu akamtazama, akaona kweli haitoki, akaacha utani. "Basi leta hapa nikulilie mimi," alisema. Akasafisha koo, akabonyeza kitufe, akaachia nduru ambayo ilifanya mbwa wa Kyule aingie chini ya mkokoteni.

Ijumaa wakajaribu. Kasiva alifungua mlango, akaenda kusimama getini. Safari hii watu walikuja! Kyule alipita na koleo, Nzuki akiwa mweupe kwa unga kama mzimu, mchungaji amekunja suruali, mzee wa kijiji nyuma yao na fimbo. Walipita geti lake wote bila kugeuza shingo, wakaenda zao kwa Kalondu.

Huku watu wanajua nduru ya mtu kama wanavyojua kikohozi chake. Walisikia ni Kalondu analia, wakaenda kumwokoa Kalondu. Mumewe Kitheka, aliyekuwa amelala usingizi wa baada ya chakula, aliamka amekaliwa na Nzuki kifuani, Kyule ameshika miguu, na mchungaji anamuuliza amemfanya nini mama wa watu. Kasiva alisimama pale pale akatazama vumbi likitua. Kisha akaingia ndani, akachukua sanduku la nguo, akaanza kukunja. Alikunja vizuri, kona kwa kona, kama kaptula mpya.

Jumamosi Wavinya alifika na pickup ya hardware na kamba ya kufungia mzigo. Alikuta sanduku liko tayari mlangoni, na hilo likamtisha kuliko kama angekuta ugomvi.

"Mwaitu, hautabishana?"

"Umesema hutaki maneno."

Wavinya akazungusha kamba mkononi. "Hicho kisanduku jaribu mara moja ya mwisho," alisema akitazama pembeni. "Kwa sauti yako. Mimi ninakaa kwa gari."

Kasiva akaingia chumbani, akafunga mlango. Akashika kisanduku, akabonyeza, akafungua mdomo. Kikarekodi jogoo. Akafuta. Akabonyeza tena, kikarekodi ukimya, na mwisho wake kitanda kikilalamika. Akafuta.

Akakiweka kisanduku kitandani, akafikiri kifundi. Nguo haianzi na mkasi, inaanza na kipimo. Akamkumbuka mama mkwe wake, ambaye alikuwa analia vizuri kuliko mtu yeyote Kathonzweni, jinsi alivyokuwa anaanza na mikono, juu ya kichwa, vidole vimeshikana, kisha magoti yanalegea kidogo, kisha pumzi inavutwa kutoka chini kabisa, inakaa, inangoja. Kasiva akakishusha kisanduku sakafuni, akabonyeza kitufe kwa kidole cha mguu, kama kanyagio la cherehani. Akaweka mikono kichwani. Akalegeza magoti. Akavuta pumzi.

Nduru ikatoka. Aliisikia kama ya mtu mwingine, ikipanda, ikigonga mabati, ikishuka na kutafuta mlango. Hakusikia uchungu wala nafuu. Alisikia kelele tu, na akashangaa kwamba ni nyingi. Kisanduku kikalia tii, kumaanisha sekunde kumi zimekwisha. Nduru haikuambiwa. Iliendelea mpaka mbuzi wakanyamaza, mpaka mashine ya Nzuki ikanyamaza, mpaka yeye mwenyewe akaishiwa na pumzi akakaa chini.

Kisanduku kilikuwa bado hakijampigia mtu yeyote.

Alipofungua mlango wa chumba, sebule ilikuwa imejaa. Kyule alikuwa mbele, udongo wa matofali hadi kwenye viwiko, koleo mkononi. Kalondu hakuwa na viatu. Mchungaji alikuwa na sabuni upande mmoja wa kidevu.

"Ni nani?" Kyule aliuliza akihema. "Mama Wavinya, nani amekufa?"

Kasiva akamtazama. Macho yake yalikuwa makavu kama njia ya Kalamba mwezi wa tisa.

"Ni Muli," alisema.

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema tulishamzika. Kyule alilaza koleo sakafuni bila kelele, akavua kofia. Kalondu akakaa chini pale alipokuwa amesimama, akavuta gauni la Kasiva mpaka naye akakaa. Nzuki alitoka, akarudi na unga, kwa sababu mtu haji matangani mikono mitupu. Mtu akawasha moto jikoni. Mchungaji alifungua mdomo aombe, akafikiri tena, akaufunga, na hiyo ndiyo sala yake iliyowahi kupendwa zaidi.

Wavinya alikuwa amesimama mlangoni na kamba yake. Alikuwa analia kwa niaba yake na ya mama yake, kelele na kamasi, na kila akitaka kusema kitu kilitoka nusu.

"Wamekuja," Kasiva alimwambia.

"Nimeona, Mwaitu."

"Uliweka masharti, watu wakija ninakaa."

"Kaa," alisema Wavinya. "Kaa tu, Mwaitu."

Chai ilipoiva, Kasiva aliuliza kama wote wamepata, hasa aliyetoka mbali. Aliyetoka mbali alikuwa Wavinya peke yake. Akanywa vikombe viwili.

Jioni pickup ilirudi Wote na debe la ndengu na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, yule wa kuharibu rekodi. Kasiva alirudisha sanduku chini ya kitanda bila kutoa nguo, akakagua vipande vya rula mlangoni kama bado vimeshika, akabonyeza rimoti. Kisanduku kikalia tii. Akapitia njia ya makonge, kando ya kaburi, akafungie mbuzi.