Vitumbura Vilivyopungua

Katika mtaa wote wa Buyenzi, usingempata mtu wa kumfundisha Mwanvua kukaanga vitumbura. Hata waliomchukia, nao hawakuwa wachache maana ulimi wake ulikuwa na pilipili, ikifika jioni walituma mtoto na sahani. Alikuwa mjane wa fundi cherehani, mnene wa mikono, mwembamba wa miguu, mwenye pua iliyojua habari za majirani kabla wenyewe hawajazijua.

Mwaka ule wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka kwa ajili ya vita, petroli iliuzwa katika chupa za bia, na sukari ikawa kama bwana harusi aliyekimbia: kila mtu amesikia habari zake, hakuna aliyemwona. Ramadhani ikaingia hivyo hivyo. Asubuhi moja Mama Sumaya, mwenye parseli ile, ua wa vyumba walivyopanga wote, akamuuliza Mwanvua uani, "Leo tutafungua na nini? Sukari iko?"

"Weh! Mi nilikosa sukari siku gani? Watu wangu siwafungulishi na unga mukavu."

Uongo mtupu, tena kinywani mwa mtu aliyefunga. Mwanvua akamwomba Mungu msamaha upesi upesi, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Akaponda ndizi mbivu, zile ndogo tamu, akazichanganya na unga mahali pa sukari. Maganda akayafukia chini ya majivu. Akatia iliki, akaongeza, akaongeza tena, mpaka harufu ya ndizi ikafa kabisa. Kuonja hakuweza. Alikaanga kwa macho, na vikatoka vyekundu, vya mviringo, kama vya siku zote.

Akavijaza kwenye beseni, lundo likapanda juu ya ukingo, akavifunika kwa kitambaa cheupe katika jiko la wote, akaenda kuswali alasiri. Aliporudi, kitambaa kilikaa vizuri, ila mahali pa kilima palikuwa na bonde.

"Mwizi!" Mwanvua akapiga kelele. "Mwizi amefungua kabla ya jua kuzama!"

Mama Sumaya akatoka na tasbihi mkononi. Hakutazama beseni. Alitazama mlango wa chumba cha nyuma, kwa Concilie. Huyu alikuwa mama kijana, Mkristo, aliyekimbia risasi za milimani juu ya Musaga na mtoto mgongoni, akapanga pale na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni.

"Sisi wote tumefunga," Mama Sumaya akasema. "Asiyefunga iko mumoja. Hesabu hiyo haitaki mwalimu."

"Mana yanje, Mungu wangu!" Concilie akashika kichwa. "Mama, mi nachambua ndagala toka mchana. Jikoni sikuingia."

"Kesho utafute parseli ingine."

Parseli ipi? Njia ya kurudi kwao ilikuwa ya bunduki, na mjini watu walilala kumi kumi chumbani. Concilie alianza kumfunga mtoto mgongoni upya, ingawa mtoto alikuwa amefungwa vizuri tayari.

Mwanvua akainamia kitambaa, akakinusa. Iliki. Mkono uliochambua ndagala tangu mchana ungeacha harufu ya ziwa zima. Lakini angemwambia nini Mama Sumaya? Kwamba amesikia harufu isiyokuwepo?

Hapo akatokea Ilyasi, fundi wa magari wa chumba cha mbele. Tangu mwezi uandame alikuwa akitema mate barabarani kila mara, ili watu waone kwamba hamezi hata mate yake. Lakini moyo wake haukuwa mbaya, na kumwona Concilie vile kulimchoma.

"Mama Sumaya, musamehe," akasema kwa sauti ya imamu. "Mutu akiwa na njaa, utamufanya nini? Na tena ni vitumbura vya ndizi tu, si sukari ya mutu imepotea."

Mwanvua akaacha kitambaa. Ndani yake Mwanvua wawili walishikana nywele. Mmoja alisema: nyamaza, usiku huu Buyenzi nzima itakucheka na sukari yako ya asubuhi. Mwingine alimtazama Concilie na kile kitenge anachokifunga na kukifungua.

"Ilyasi," akasema taratibu, "ndizi gani?"

"Si... zile za kwenye vitumbura, mama."

"Nani alikuambia?"

"Harufu. Inasikika."

"Mama Sumaya, sogea hapa, nusa. Inasikika?"

Mama Sumaya akanusa mpaka pua yake ikashika mafuta. "Mi nasikia iliki tu. Ndizi iko wapi?"

"Iko ndani!" Mwanvua akasema. "Ndani, ambako haionekani wala hainusiki. Niliponda mi mwenyewe, mulango umefungwa. Anayeijua ni mimi, na Mungu, na mwenye tumbo lililoipokea. We uko nani kati ya hao watatu?"

Ilyasi akafungua kinywa kujitetea. Heri angekifunga, maana chembe ya kitumbura ilikuwa imekaa kwenye sharubu zake.

"Nilikuwa chini ya kamio, lile lori bovu, toka asubuhi," akanong'ona. "Jua kali, mama. Nilikuja kuchukua kimoja. Kikaita kingine."

Mama Sumaya akacheka mpaka tasbihi ikaanguka. Kisha akamkumbuka Concilie, akaenda kukaa kizingitini karibu naye. "Mutoto wangu, nimekosa. Chumba ni chako. Ilyasi ataosha masufuria ya futari mpaka Idi, na siku yake ya saumu atailipa kwa Mungu." Halafu akageuka. "Na we Mwanvua, sukari yako ya asubuhi?"

"Si iko kwenye ndizi? Mungu aliitia mwenyewe."

Adhana ya magharibi ikaita. Mwanvua hakuanza na Mama Sumaya kama desturi. Alimpelekea Concilie kitumbura cha kwanza. Concilie akakimega, akatafuna, akaacha kutafuna, akamtazama Ilyasi.

"Eh! Kumbe ni ndizi kweli."

Ilyasi peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa tayari ameinamia masufuria ya kuosha.