Gari Lililogoma kwa Baridi ya Kalinzi

Mpaka leo naikumbuka asubuhi moja kule Kalinzi, mwanangu, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka milimani kutoka Burundi, vyombo kichwani na watoto mgongoni. Nilikuwa kijana, dereva wa pikapu ya dizeli ya tajiri mmoja wa kahawa wa Ujiji. Nyinyi mliokulia kwenye joto la ziwa hamjui baridi ya Kalinzi. Kule ukiamka, pumzi yako unaiona.

Nilikuwa nimelala huko na mzigo. Kulipokucha, mkunga wa kijiji akanijia mbio. Katika wageni waliofika jana yake alikuwamo binti mmoja, Goreti. Uchungu ulikuwa umemshika usiku kucha na mtoto hatoki.

"Mpeleke hospitali Kigoma, baba. Hapa mimi nimefika mwisho."

Nikapiga stata. Injini ikazunguka, haikushika. Nikapiga tena, na tena, jasho likinitoka na baridi yote ile. Ndipo mkono ukanigusa begani. Alikuwa Mzee Nyandwi, baba mzazi wa Goreti, aliyeendesha malori kwao miaka mingi.

"Buhoro, mwanangu," alisema. Kwao ndiyo polepole. "Ukiiua betri tutakuwa na wagonjwa wawili. Jana ikiwa ya moto ilikusumbua?"

"Hapana, mzee. Ilishika mara moja."

"Basi ugonjwa wake ni baridi. Piga kidogo tu, mimi nitazame nyuma."

Ekzosi ikatoa moshi mweupe unaonuka dizeli. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Mafuta yanafika, ila hayawaki. Kusingetoka moshi ningetafuta hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta. Tuone plagi za joto."

Hizo ndizo zinazopasha injini kabla haijawaka. Akang'oa balbu ya taa ya nyuma, akaiunga na betri kwa waya, akagusa plagi moja moja. Moja tu iliwasha balbu. Nyingine zilikuwa zimekufa, na za akiba sikuwa nazo.

Nilitaka kulia. Yeye, ambaye mwanawe alikuwa akigumia ndani, akauliza tu kama kuna maji ya moto. Mkunga alikuwa na sufuria kubwa jikoni. Tukamwaga maji baridi ya rejeta, tukajaza ya moto. "Yasiwe ya kuchemka, yatapasua chuma," alinionya. Tukangoja injini ipate joto. Kungoja kule, mwanangu, kulinishinda kuliko kazi yenyewe.

"Haya, sasa," akasema.

Injini ikakohoa, ikasita, ikanguruma.

Goreti alijifungua salama hospitalini Kigoma kabla ya adhuhuri, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuja wamepoteza karibu kila kitu, nasi tukapona kwa ujuzi waliobeba kichwani.

Basi nisikilize. Kitu kikikugomea, usikiongezee nguvu; kiulize kwanza. Kinaumwa kikiwa baridi au kikiwa moto? Kinatoa moshi gani? Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na mtu naye, akija kwako amepoa kwa dhiki, usimsukume wala usimlaumu. Mpashe joto, umngojee, atawaka.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio la kuuliza, na kila safari yako ifike kwenye habari njema.