Jina Nililificha, Maisha Nikayaacha Wazi

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swali moja: wakimtambua, atakwenda wapi?

Nilikuwa namalizia shahada ya pili ya saikolojia hapa Gisenyi. Utafiti wangu ulihusu wajane wanaofanya biashara mpakani. Mmoja wao aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: tangu mumewe afariki, analala vizuri. Mume alikuwa akimpiga. Sasa anaishi ndani ya ua wa wakwe zake, na kila Jumapili anaongozana nao kanisani akiwa na uso wa msiba. Msimamizi wangu aliposoma ukurasa huo alisema huo ndio moyo wa kazi yote.

Jina lake nililificha, kama tulivyofundishwa. Halafu siku chache kabla ya kuwasilisha utafiti mbele ya watu tukafanya mazoezi, sisi wanafunzi peke yetu. Nilipofika kwenye habari yake, mwenzangu aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, akanikatiza.

“Bon, uyu namujua. Si ule mama wa Cyanzarwe mwenye anauzisha karoti? Wa mapacha? Mama yangu anamununuliaka kila siku.”

Darasa likacheka. Mwingine akataja hata kanisa lake, ambalo mimi sikuliandika popote. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

Karoti, mapacha, Cyanzarwe: vyote niliviandika mwenyewe, kwa fahari, ili msomaji amwone. Na ukumbini, kwa desturi ya chuo chetu, wangekuja wazazi, majirani na maofisa wa serikali wa sekta yetu. Wakwe wakisikia kwamba kifo cha mtoto wao kilimletea usingizi, hatalala tena katika ua ule.

Nikaanza kuhesabu njia. Niseme vitunguu badala ya karoti? Ni uongo, tena watamjua tu. Nimpigie nimuulize? Simu yake hupokelewa na mama mkwe. Niiondoe habari yake? Nilijaribu, kazi ikabaki kama nyumba bila paa. Na mama yangu alikuwa ameshawaalika shangazi zangu wa Kanzenze, akiwaambia mtoto wao sasa ni daktari wa mawazo.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza. Alinisikiliza, akavua miwani.

“Ukiiondoa, una nini cha kuweka mahali pake?”

“Sina kitu, Profesa.”

“Basi mwaka huu huhitimu.”

Akavaa miwani tena. Nikaaga, nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi za nje nikiwaza kwamba labda nakuza mambo, kama kawaida yangu, labda hakuna mkwe ambaye angekuja. Labda. Kisha nikaingia kwa katibu, nikachukua nakala zangu zote, nikamwomba afute jina langu kwenye ratiba. Akalifuta mbele yangu.

Nikampigia mama, nikamwambia awaarifu shangazi wasije.