Yai Kwenye Karatasi ya Murray

Verla Pidhirny hakuwahi kumsamehe mtu aliyemfanya mwizi mbele ya sahani za mikate, na hakuona sababu ya kuanza kusamehe uzeeni. Miaka imepita mingi. Wakati ule mumewe Metro alikuwa bado hai na meno yake mwenyewe mdomoni. Lakini Verla akiikumbuka ile Jumapili, shingo inamwaka moto kama kazabwa kofi leo asubuhi.

Mambo yalikuwa hivi. Pale Kettle Siding, baridi ikishakaa, mtu hana pa kwenda ila klabu ya mawe. Chini kuna barafu, watu wanatelezesha mawe yao na kufagia mbele yake kama wenda wazimu. Juu, nyuma ya kioo, kuna chumba chenye meza, jiko dogo, na birika la kahawa ambalo sijui kama limewahi kuzimwa tangu lichomekwe. Februari, kila Jumapili mchana, panakuwa na chemshabongo ya Kanada. Watu wanakaa meza meza, wanaulizwa habari za nchi yao wenyewe, na wanashindwa. Meza itakayoshinda msimu inapigwa picha, picha inatundikwa ukutani. Basi, hakuna zawadi nyingine. Lakini kwa picha ile watu wa Kettle Siding wangeuza mama zao, na wapo akina mama ambao wangekubali kuuzwa.

Verla alikuwa mtu wa jikoni. Mikate ya mayai ilikuwa yake, ufunguo wa jiko ulikuwa wake. Shule aliiacha mapema akakamue ng'ombe wa baba yake, na zizini mle kulikuwa na redio ambayo mzee hakutaka izimwe, eti ng'ombe wanatoa maziwa zaidi wakisikia watu wanagombana bungeni Ottawa. Kwa hiyo yaliyomo kichwani mwa Verla aliyapata humo, pamoja na harufu ya samadi.

Jumapili ile ya mwisho wa msimu meza yake ilishinda. Alikuwa yeye, Metro, na binamu yake Metro mmoja hivi aliyekuja kwa ajili ya chakula tu. Makofi hayajaisha, Murray Strachan akanyanyua mkono. Murray ndiye aliyekuwa akiuliza maswali.

"Ngojeni kwanza," akasema. Akainua karatasi yake ya majibu, na pembeni ilikuwa na doa la njano. Akalinusa mbele ya watu. "Hili yai. Karatasi hii niliiacha jikoni chini ya birika, nikaenda kuvua mabuti ya theluji. Sasa nani leo alikuwa jikoni na mayai?"

Jina hakulitaja. Vichwa vyote viligeuka vyenyewe.

"Murray, unasema mimi mwizi?"

"Mimi sijasema kitu, Verla. Yai ndilo limesema."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomuua. Ushindi ukaenda kwa meza ya pili, alikokaa Clifford, mdogo wake Murray, na Bernice Oleskiw, jirani yake Verla. Wakapigwa picha wanatabasamu. Wiki iliyofuata wakatumwa watu wawili kuuchukua ufunguo wa jiko. Walisema samahani mlangoni, wakasema samahani ndani, wakasema samahani wakiondoka. Huku kwetu mtu anaweza kukukata kichwa akikuomba radhi kwa kukuchafulia kola.

Tangu siku hiyo Verla hakumwamini mtu. Alikaa akapiga hesabu zake. Karatasi ilikuwa ya nani? Ya Murray. Picha aliingia nani? Mdogo wake Murray. Basi nani kapaka yai? Jibu lilikuwa wazi kama pua usoni, na Verla akalishika hilo hakuliachia. Dukani alikuwa akimchungulia Murray ananunua nini. Mayai, trei nzima, mwanamume asiye na mke wala kuku. Ya nini yote hayo? Kanisani alikuwa akikaa nyuma yake ili amwone kisogo. Metro alipofariki, Murray alileta paja la nguruwe la kuokwa kama watu wote. Verla akalifunua, akalinusa, akampa mbwa. Mbwa hakufa. Hilo nalo akalitilia shaka.

Aliyebaki naye alikuwa Bernice tu. Kila Ijumaa, hata kukiwa na baridi ya kukatika masikio, Bernice alivuka uwanja wa theluji na keki zake za tende, anakung'uta viatu, anakaa. Verla akianza habari za Murray, Bernice anazungusha kijiko kwenye chai.

"Mwenzangu, yaache hayo. Yamepita."

"Yamepita kwako. Wewe uko ukutani."

"Picha yenyewe mbaya. Nimetoka macho nusu."

"Macho nusu, lakini uko ukutani."

Hapo Bernice humsogezea keki, na Verla husema moyoni, maskini, ana roho nyepesi huyu, hajui alikaa meza moja na ukoo wa aina gani.

Sasa mwaka huu Murray akafanyiwa upasuaji wa koo. Sauti ikabaki kama mlango wa stoo. Kamati ya klabu ikahangaika nani aulize maswali, maana kila mtu anataka kucheza, kuuliza hataki. Murray akanong'ona kwenye kikao, na maneno yalimfikia Verla kabla kahawa ya kikao haijapoa:

"Mpeni Verla. Angalau mwaka huu tutajua karatasi iko kwa nani."

Walidhani atakataa. Verla akasema nitakuja.

Kisha akakaa na kinyongo chake akakichemsha. Kwa nini Murray kamtaja? Anataka nini tena huyu? Akaona dawa ya mtego ni mtego. Akaandika maswali, akaandika majibu ya kweli, akayakunja na kuyatia kifuani mahali ambapo tangu Metro afariki hapajafika mkono. Kisha akaandika karatasi ya pili. Hiyo ilikuwa na majibu yale yale, isipokuwa moja. Kwenye swali la mnyama aliye kwenye sarafu ya senti ishirini na tano, alitafuta kitu ambacho binadamu hawezi kukibuni akiwa na akili timamu. Ukweli ni kulungu wa theluji. Asiyejua husema musi, yule mnyama mrefu wa mabwawani anayevunja magari yetu usiku, na nusu ya Kettle Siding husema musi ingawa sarafu yenyewe inalala mifukoni mwao. Verla akaandika: mbuzi wa milimani. Hapa kwetu hakuna mlima, wala mtu aliyewahi kumfikiria mbuzi huyo.

Jumapili magari yalijaa nje, yamechomekwa umeme kwenye nguzo yasigande. Kila meza ilileta sahani yake na kuipeleka jikoni, kwa hiyo hapakuwa na mtu asiyepita humo. Verla akaweka karatasi ya pili chini ya birika, pembe moja imechungulia. Akatoka akasimama kwenye kioo kinachotazama barafu, mgongo kwa watu, kama mama anayetazama mchezo.

Murray akamfuata. Alikuwa amekonda.

"Umefunga vizuri majibu yako?" akakoroma.

"Wewe uliza koo lako."

"Nimeuliza tu, mama."

"Mimi si mama yako. Mama yako alikuwa mtu mzuri."

Simu, pochi na visenti vyote vikatiwa kwenye kapu mlangoni, kama kawaida ya mashindano. Verla akapanda kwenye kiti cha Murray, akavaa miwani, akaanza. Jani la bendera lina ncha ngapi? Mkoa gani uliingia Kanada mwisho? Dawa ya sukari, ile sindano, iligunduliwa mji gani? Watu wakainamiana, wakanong'ona, wakagombana.

"Toronto, nakwambia."

"Wewe kila kitu Toronto. Hata theluji utasema imegunduliwa Toronto."

"Andika, bwana, kalamu iko kwako."

Verla alikuwa haangalii karatasi yake, anaangalia mikono. Clifford alikuwa anajikuna shingo. Kwa nini anajikuna? Murray ameegemea ukuta amefumba macho. Mtu mwenye majibu kichwani hukaa hivyo hivyo, raha mstarehe. Akauliza la sarafu, na hakupepesa macho.

Karatasi zikakusanywa. Aliitafuta kwanza ya Murray na Clifford. Musi. Akasoma tena. Akaigeuza, akainua kwenye taa aone kama pamefutwa. Hapakuwa pamefutwa. Musi, kwa kalamu nene, wajinga wa haki kabisa. Verla akahisi kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Miaka yote ile ya kumtazama mtu kisogo!

Akafunua nyingine: kulungu wa theluji. Nyingine: musi. Nyingine haikujibu. Halafu akaifikia ile ya meza ya dirishani, na mwandiko aliujua, ule mwandiko wa mviringo unaokuja kila Krismasi kwenye kadi. Mbuzi wa milimani.

Aliishika ile karatasi hadi watu wakaanza kugeuka.

"Verla, vipi, umesinzia?" mtu akauliza, wachache wakacheka.

Akavua miwani. "Jiwe limeungua," akasema. "Nani kaligusa?"

Kicheko kikakatika. Pale hapakuwa na mtoto asiyelijua neno hilo. Kwenye barafu hatuna refa. Ukiligusa jiwe linalotembea, kwa fagio au kwa kiatu, hata kama hakuna aliyeona, unanyanyua mkono unasema mwenyewe. Asiyesema hachezi tena na mtu, hata baba yake. Watu wa Kettle Siding wanadanganya umri, kodi na uzito wa samaki, lakini jiwe wanasema.

"Kulikuwa na karatasi jikoni," Verla akaendelea. "Niliiweka mimi. Jibu moja nililipotosha makusudi, na meza moja imenirudishia lile lile. Meza naijua. Lakini sisi hatutajwi, tunasema wenyewe. Nangoja."

Meza ya dirishani wakatazamana. Mzee mmoja pale akageuka polepole. "Bernice," akasema, "la mbuzi si wewe ulisema una hakika?"

Bernice alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Mkono wake ukapanda, ukasimama juu ya bega, kama wa mchezaji.

"Mimi," akasema.

"Leo?" Verla akauliza.

"Leo."

"Na siku ile?"

"Na siku ile."

"Yai limefikaje kwenye karatasi?"

"Nilikuwa nakula mkate wako. Nilisoma huku nakula. Nilipoona nimeichafua nikairudisha chini ya birika nikakimbia." Sauti ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. "Hata hivyo hatukushinda, mlitushinda nyinyi. Nikasema basi, hakuna aliyeumia. Halafu Murray akainua ile karatasi, na wote wakakuangalia wewe."

"Na wewe ukaniangalia."

"Nikakuangalia."

"Ukapigwa picha."

"Nilitaka mara moja tu niwe ukutani, Verla. Kila Ijumaa nilikuja ili niseme."

"Ukaja na keki."

Hapo Bernice akakaa, akafunika uso. Hakuna aliyemshika bega. Murray akajitoa ukutani, akavua kofia yake ya kampuni ya mbegu ambayo haivui hata mazikoni.

"Verla," akakoroma, "mimi niliku..."

"Pumzisha koo. Ulisema yai limesema. Yai halina mdomo, Murray, ulisema wewe. Sema tena sasa, wasikie wale wale."

Ikamchukua muda. Ilibidi watu wanyamaze kabisa, hata jikoni wakafunga bomba. "Verla hakuiba," akasema. Ilitoka kama mchanga, lakini ilitoka yote, na vichwa vyote vilikuwa vimegeuka upande wake tena.

Mwenyekiti wa kamati, mtu wa haraka kwa mambo yaliyokwisha, akaenda ukutani na kushika ile picha aitungue.

"Iache," Verla akasema.

"Lakini si haki iendelee kukaa..."

"Iache hapo hapo. Watu wawe wanakula wakiitazama. Mlipotundika hamkuniuliza, na mkitungua mtaniuliza, na mimi nasema ikae."

Mwenyekiti akairudisha, akainyoosha na kidole, akasema samahani.

Bernice alikuwa amesimama, koti mkononi, analitafuta tundu la mkono halioni. Alipopita karibu na kiti akasimama.

"Ijumaa nije?" akauliza chini chini.

Verla alimtazama. Aliona uso wa mtu aliyemzika Metro pamoja naye, aliyemfagilia theluji mlangoni alipoumwa mapafu. Vyote hivyo vilikuwa kweli, na havikumtoa mahali alipokuwa.

"Uje kufanya nini?" akasema.

Bernice akatoka. Ubaridi uliingia mlangoni, ukawapita miguuni, mlango ukajifunga. Nje gari lake likakataa kuwaka, kisha likakubali.

Verla akavaa miwani yake. Akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi ya kweli, akaikunjua mbele yao polepole aone kila mtu, safi, haina doa.

"Raundi ya pili," akasema. "Shikeni kalamu."

Hawakuzishika mara moja. Akawangoja.