Kadzo, Anayezimisha Udi Nyumba za Arusi

Saa tatu asubuhi, Kadzo Ngumbao anasimama katikati ya chumba cha bibi arusi, macho kayafumba, pua kaiinua juu, na kutoa amri ambayo Mji wa Kale haujaizoea: "Zimeni udi."

Bi Sheikha, nyanya yake bibi arusi, anashika kiuno. "Udi uzimwe siku ya arusi? Wataka watu waseme nyumba hii haina wenyewe?"

"La, bibi yangu. Nataka pua yangu ifanye kazi."

Kadzo, mwenye miaka arubaini na mitatu, mkazi wa Majengo, kazi yake ni kutoa wadudu wanaonuka majumbani. Ni wale bapa, wa rangi ya kahawia, ambao masika haya ya 1996 yamewaleta kwenye taa kwa wingi, kisha wakajichimbia katika mikunjo ya nguo. Hawaumi mtu. Lakini mponde mmoja tu, uone! Harufu yake itamfuata bibi arusi mpaka kwenye kupambwa kwake jioni hii, mbele ya wanawake mia tatu wasiosahau kitu.

"Tumefukiza tangu juzi," anajitetea Bi Sheikha.

"Ndipo mlipokosea. Moshi wawasukuma ndani zaidi, na harufu yao yafunikwa tu. Udi ukizimwa, wajitangaza wenyewe."

Ufundi huu aliupata kwa aibu. Alipokuwa mfagiaji katika nyumba ya wageni karibu na Ngome ya Yesu, alimponda mdudu mmoja kwa fagio juu ya kitanda. Shuka alizifua mara tatu, na mgeni akahama vilevile.

"Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaanza kuwachunguza," anasema. Akagundua kwamba mdudu huyu akiguswa taratibu, hujiangusha mwenyewe. Tangu hapo vifaa vyake ni viwili: unyoya wa kuku na bakuli la maji ya sabuni.

Chetezo cha udi kinapelekwa uani, shingo upande. Kadzo ananusa pazia, anapita. Ananusa mito, anapita. Kwenye gauni la kijani, lile lenyewe la kupambwa, anasimama. Unyoya unapita chini ya kola. Tup! Mmoja yumo bakulini. Tup! Wa pili.

Kufikia adhuhuri wamo ishirini na saba, na hakuna aliyepondeka. Bi Sheikha analichukua gauni na kulinusa mwenyewe: kola, makwapa, upindo. Halafu anapiga kigelegele, na nyumba nzima inaitikia.

"Leo huendi popote, mwanangu," anamwambia Kadzo. "Utakaa mbele na wenzio, ule."

Furaha inamjaa Kadzo usoni. Desemba naye anamwoza bintiye, Kanze, na nguo zimo kashani tayari. Kila Ijumaa hulifungua kasha akazinusa.

"Siku hiyo unyoya nitauficha," anasema, akicheka mpaka machozi yanamtoka. "Na udi nitaufukiza tangu asubuhi mpaka jioni. Ole wake atakayeniambia nizime!"