Besi Iliyoendelea Kulia

Jina la Ngurumo alipewa na mumewe, naye alilipenda kuliko jina alilozaliwa nalo. Siku za kazi alikuwa fundi wa makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa sponji, vitambaa na misumari midogo, na mgeni aliyekaa bila kuangalia alinyanyuka upesi. Lakini ukimwuliza anafanya kazi gani, makochi hakuyataja. Alikujibu, "Napiga besi."

Bendi yenyewe ilikuwa ya ukoo. Kiongozi na mwimbaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mpiga kinanda alikuwa kijana wa mtaani waliyemwita Vidole. Mume, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hakupanda jukwaani. Yeye alikaa mwisho wa ukumbi nyuma ya mikisa, ile meza ya vitufe ya kumpandisha huyu na kumshusha yule, akaamua watu wasikie nini. Harusi, mahafali, sherehe za maofisini, kote walikwenda.

Katika mambo ya sauti Ngurumo alikuwa na wazimu wake. Wengine hununua gitaa kwa rangi, yeye alinunua kwa sikio. Besi za kisasa zenye betri tumboni hakuzitaka. Alitafuta zile zinazoundwa kwa mtindo wa zamani, mbao nzito na nyuzi nene zisizokwaruza kidole, zenye sauti ya mviringo inayoingia tumboni kabla haijafika masikioni. Amplifaya yake nayo ilikuwa ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka kama makaa. Ilikaa sebuleni kati ya friji na kochi, na ole wake aliyethubutu kuweka kikombe juu yake.

Zaidi ya yote zilikuwa pikapu. Jirani aliwasikia wakizijadili, akadakia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mnabadilisha pikapu tena? Ya kwanza ilikuwa haipandi mlima?" Ikabidi aoneshwe kwamba si gari la mizigo, ni visumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, hukaa chini ya nyuzi na kuushika mtetemo wake. Jirani akaangalia, akasema, "Na kitu kidogo hivi ndicho kinachowakosesha raha?"

Mara ya mwisho walikwenda dukani pamoja kama kawaida yao. Muuza gitaa aliwawekea besi tatu za mbao za aina moja, kila moja na pikapu yake. Ngurumo alipiga. Fundi alikaa kwenye kigoda akimpa mgongo, macho amefumba, asijue anapiga ipi.

"Rudia ya pili," alisema. Akasikiliza. "Hii ina asali. Ile ya kwanza inang'aa mno, itagombana na gitaa la solo. Ya mwisho imelala."

Ngurumo moyo wake ulikuwa kwa hiyo iliyolala. "Una hakika?"

"Mama watoto, wewe uko jukwaani, unasikia kilicho mgongoni pako tu. Mimi ndiye ninayekaa na watu. Niamini."

Akamwamini. Walirudi nyumbani wameshikana mikono kama wanafunzi waliotoroka shule, na Fundi akaweka pikapu mpya kwa mkono wake, akilehemu waya kwa waya huku mkewe akimshikia taa.

Ikaja harusi moja ya mchana, katika ukumbi waliouzoea. Kabla ya kuanza Fundi alimpungia mkono kutoka kwenye mikisa. "Punguza kidogo huko jukwaani, Ngurumo! Nitakupandisha huku mbele." Ni maneno aliyomwambia kila mara, na kila mara Ngurumo alipunguza.

Maharusi walikuwa wameshaingia, ukumbi mzima umesimama unacheza, pale harufu ya vumbi linaloungua ilipompata. Akageuka. Wekundu wa valvu ulififia mbele ya macho yake, kisha amplifaya ikanyamaza kabisa. Sauti yake ilipita humo kabla ya kwenda kwa Fundi, kwa hiyo alijua kwamba sasa hakuna kinachofika kwenye spika kubwa. Aliinua mikono kutoka kwenye nyuzi, akangoja wimbo ubomoke. Wimbo usio na besi ni kochi lisilo na fremu.

Wimbo haukubomoka. Besi iliendelea kulia.

Ngurumo aliitazama mikono yake kuhakikisha. Ilikuwa hewani. Akamtazama Vidole, akaona mkono wa kushoto wa kijana unatembea taratibu kwenye vitufe vya chini vya kinanda, noti kwa noti, ule mstari wake mwenyewe. Vidole aliinua macho, yakakutana na yake, akayashusha haraka.

Hapo ndipo alipoelewa. Ule mdundo aliousikia siku zote ukitoka mbele ya ukumbi, aliodhani ni wake unarudi kutoka ukutani, haukuwa wake. Lakini bibi harusi alikuwa anacheka mbele yake, na harusi ya mtoto wa watu haivunjwi kwa uchungu wako. Akarudisha vidole kwenye nyuzi, akapiga gitaa lisilotoa sauti mpaka mwisho, akitabasamu.

Watu walipotawanyika alimkuta Fundi anakunja waya.

"Amplifaya imekufa," alisema.

"Imekufa? Saa ngapi? Mbona sikuona?"

"Ungeonaje, na mimi sisikiki?"

Mikono ya Fundi ikasimama. "Twende nyumbani tuongee, mama watoto."

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu tuanze kupiga hapa."

"Kabla ya kwenda dukani?"

"Kabla."

Jibu hilo lilimchoma kuliko lile la kwanza. "Sasa pale kwenye kigoda, ulivyofumba macho, ulikuwa unasikiliza nini?"

"Wewe. Wallahi pale nilikuwa nakusikiliza wewe."

"Na hiyo asali uliyonichagulia, ulitaka kuipeleka wapi?"

Hapo shemeji alisogea, taulo shingoni. "Shemeji, kaka usimlaumu. Ni mimi niliyemwambia akuzime kwenye mikisa. Watu wa siku hizi wanataka besi ya kinanda, inayogonga kifua. Yako nzuri, ila ni ya kizamani. Tukaona tukikuambia utaumia."

"Mngeniambia niondoke."

"Uondoke vipi? Watu wanapenda kumwona mwanamke na gitaa kubwa."

Ngurumo aliwatazama wote waliokuwa pale, mpiga ngoma, mpiga solo, Vidole. Hakuna aliyeshangaa. Bendi nzima ilikuwa inajua, na nyumbani kwake wote walikuwa wamekula. "Mmenivisha kilemba cha ukoka," alisema, "kisha mkanisimamisha mbele za watu nacho."

Fundi aliinama kubeba amplifaya kama alivyozoea. "Weka chini," akaambiwa. Wahudumu wa ukumbi ndio waliomsaidia Ngurumo kuipakia, akaenda kwa dada yake.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. "Afadhali angekuwa na mwanamke," alisema. "Tungejua wa kumchukia." Ngurumo akacheka, na kicheko hichohicho kikageuka kilio.

Alirudi nyumbani baadaye, maana makochi ya watu yalikuwa yanamsubiri. Fundi aliomba radhi, akalia machozi ya kweli. Alisema alianza kwa siku moja tu, ikawa kila siku kuacha ni kugumu zaidi. Ngurumo akasema amesamehe, na alimaanisha kwa kadiri alivyoweza. Bendi aliiacha. Waliendelea bila yeye, na hakuna mteja aliyeuliza yule mama wa besi yuko wapi.

Akanunua valvu mpya. Akaenda dukani peke yake.

"Leo mzee yuko wapi?" muuza gitaa aliuliza.

"Leo nimekuja na masikio yangu."

Akachukua ile pikapu iliyolala, akailehemu mwenyewe, akaungua kidole. Kisha akawasha, akapiga. Akasimama, akapiga tena. Ilikuwa nzuri? Hakujua. Kwa miaka yote mtu mwingine ndiye aliyemwambia lini ni nzuri, na mtu huyo sasa hakuweza kumwuliza.

Siku hizi anapiga na bendi ya wauguzi wastaafu kwenye uwanja wa kantini yao. Mikisa hawana, kila mtu na amplifaya yake. Siku ya kwanza watu walipoanza kucheza aliinua mikono makusudi. Wimbo ukayumba, wachezaji wakakanyagana, mpiga ngoma akamtolea macho. "Umepotea, dada?"

"Sijapotea. Nilikuwa nahakikisha."

Nyumbani maisha yanaendelea, wanaongea, hata wanataniana. Ila Fundi akisema chai ina sukari ya kutosha, Ngurumo huionja kwanza kabla ya kuweka kijiko pembeni. Akisema gauni limemkaa vizuri, yeye hurudi kwenye kioo. Fundi huona.